Mwamba Haumwachii Delphine

Sikilizeni wanangu. Sogeeni, lakini kabla sijafungua kinywa kila mmoja aje anigusie kiganja na kukubali kwamba nitakayoyasema leo hayatavuka kizingiti cha mlango huu. Wilbert, wewe kwanza, maana wewe ukilijua jambo asubuhi, saa sita wanalijua mpaka wachunga kondoo wa Red Valley. Ernestine, gusa kama mtu anayemaanisha, usiguse kama unapima uji umepoa au bado. Delphine, na wewe, hata kama umekwisha vaa koti. Haya. Hili ni jambo ambalo mama yangu aliniapisha nisimwambie mtu, na nimelibeba miaka sitini na tatu bila kumwambia mtu, isipokuwa Ernestine mwaka juzi tulipokuwa tunapukuchua mahindi, na yule mama anayeuza mikate ya kukaanga sokoni Shiprock, kwa sababu aliniuliza, na dada yake, kwa kuwa alikuwa amekaa hapo hapo na nisingeweza kumwambia azibe masikio. Basi ni hivi: mimi nilipanda Mwamba.

Msinikodolee macho. Mwamba huo huo Wenye Mabawa mnaouona kila mkitoka mlangoni, ambao hakuna mtu wetu anayeukanyaga, na ambao wageni walipoanza kuupanda kwa kamba na misumari wazee walikasirika mpaka ikawekwa amri. Kabla ya wageni hao wote mama yenu alikuwa ameshafika huko juu, na sketi yake, na mbuzi.

Nitafika huko. Nitangulize mali, kwa sababu miguu hii imelala tangu Jumatano, leo ni siku ya nne, haisikii nikiiita, na ubaridi umeanza kupanda magotini. Sitalitaja neno lenyewe la kuondoka, maana likitajwa linasikia na kuja, na ninyi msilitaje. Semeni tu kwamba mama anahama. Na nikishahama, jina langu mliache lipumzike, msiliite-ite hovyo nikaja kugeuza shingo huko niliko.

Ernestine, mkufu wa feruzi ni wako, ule wa nyuzi tatu, si ule wa nyuzi mbili, wa nyuzi mbili nimeshampa binti yako wala hakukwambia, mwulize vizuri. Wilbert, chukua tandiko la baba yenu na pikapu, na ukichukua pikapu chukua pia ile kelele yake, usije ukaniletea huku. Shangazi yenu Bessie hapati kitu. Mnajua kwa nini, lakini nitasema tena ili nikiwa nimehama msijifanye mmesahau: alimwazima kondoo wangu dume wa pembe nne kwa majira mamoja ya kupandisha, akamrudisha mwaka wa tatu, amekonda, pembe moja imevunjika, na amejifunza tabia za kwao. Kondoo yule alipotoka hapa alikuwa mpole anakula mkononi. Aliporudi alinipiga kichwa nikaketi ndani ya sufuria ya uji wa mahindi ya bluu mbele ya wageni. Bessie alicheka. Nimemsamehe, nimemsamehe kabisa, lakini kitu hapati.

Sasa nisikilizeni habari ya Mwamba, na wewe Delphine hasa, kwa sababu rafiki yako wa kwenda naye Tucson anakupitia saa sita, na sasa ni saa nne, na mimi nataka ujue unachokiendea na unachokiacha. Najua barua imesema usipofika Jumatatu nafasi yako ya kusomea uuguzi anapewa mwingine. Nimesomewa barua hiyo mara tano, sina haja ya kusomewa ya sita.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mwaka ule watu wa serikali walikuja wakasema ardhi yetu imechoka na mbuzi wamezidi, wakawa wanawakusanya kwenye makorongo na kuwapiga risasi, wanawaacha hapo hapo wanaoza, nyama ambayo ingelisha ukoo mzima wa Maji Machungu mpaka theluji. Bibi yangu alilia siku zile mpaka sauti ikamkauka, na akina mama walikuwa wakisikia mlio wanahesabu kwa vidole, huyu wa fulani, huyu wa fulani. Mimi nilikuwa na mbuzi wangu mmoja tu, jike jeupe, niliyepewa na bibi siku nilipovunja ungo. Nikasema huyu hawampati. Nikamswaga jua likichomoza, tukafuata ule ukuta mweusi wa mawe unaotoka kwenye Mwamba na kwenda kusini kama mkia, nikamwingiza kwenye ufa. Nilitaka kumficha pale chini tu, nimwekee majani, nirudi nyumbani nijifanye mjinga. Lakini mbuzi hajui habari ya pale chini tu. Akaruka jiwe, akaruka la pili, akageuka kunitazama kama anauliza mbona sijafika, na mimi nikamfuata huku nikimtukana kwa sauti ndogo ili Mwamba usisikie.

Ernestine anasema mwaka juzi mbuzi alikuwa mweusi. Alikuwa na mabaka, mwanangu, kila mtu achukue rangi anayoipenda. Niachie nimalize.

Tulipanda. Sikujua kama tumepanda sana kwa sababu nilikuwa natazama mkia wa mbuzi, sikutazama chini. Nikafika kwenye ukingo wa jiwe usiozidi upana wa ngozi hii niliyolalia, mbuzi akaruka upande wa pili akapotea, sikumwona tena mpaka leo, na nilipotaka kurudi nilikotoka lile jiwe nililokuwa nimelikanyaga liling'oka likaenda. Nikalisikia likigonga mara moja, mara mbili, mara tatu, halafu kimya. Mbele hakupitiki. Nyuma hakupitiki. Juu ni ukuta, na chini ni hewa. Nikaketi, mgongo kwenye jiwe, magoti kifuani, nikashika sketi yangu kwa mikono miwili ili upepo usinichukue nayo.

Nyumba ya mama wakati ule ilikuwa karibu na Mwamba kuliko hii, na kutoka pale niliiona, ndogo kama kokwa ya mti wa mreteni, na moshi wake. Nilimwona mama akitoka. Nilijua ni yeye kwa blauzi yake ya manjano. Akamwaga maji, akaweka mkono juu ya macho kutazama kondoo, nami nikaita. Niliita mpaka koo likawa na ladha ya damu, na upepo wa kule unachukua sauti ya mtu unaipeleka kwa watu wengine ambao hawakuitwa. Mama akaingia ndani. Akatoka, akaketi kwenye kibanda cha matawi, akaanza kufuma. Jiwe likapata moto kama kikaango, nikahamisha mkono huu, nikahamisha mkono huu, na yeye anafuma. Mchana ukasimama, yeye anafuma. Nilikuwa naiona nyumba yetu yote, kila aliyetoka na kila aliyeingia, mbwa, mjomba, mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, watu wangu wote wakiendelea na siku yao, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kutazama upande wangu. Nikafikiri, hivi ndivyo itakavyokuwa. Watakula, watalala, wataniulizia kesho, na mimi nitakuwa nawaona tu.

Kuna hadithi ya zamani ya watu walionaswa juu ya Mwamba, mnaijua, lakini sitaisimulia leo. Huu ni mwezi wa Juni, nyoka wako macho, na hadithi zile ni za wakati wa theluji. Nasema tu kwamba niliikumbuka, yote, mpaka mwisho wake.

Nilikaa pale siku nne. Nini, Ernestine? Basi siku mbili. Kutwa nzima, haya, kutwa nzima, lakini wewe hukuwepo, na mtu aliyekaa pale ndiye anayejua ni siku ngapi. Jioni jua likiinama mjomba alikuja kumtafuta mbuzi, si mimi, mbuzi, akaona sketi yangu. Akarudi na farasi na kamba, akapandia upande mwingine, akaniteremsha bila kunitazama usoni, kama mtu anayeteremsha mzigo wa wenyewe. Nyumbani mama akaniuliza nilikuwa wapi, nikasema juu. Akaweka kitana chake cha kufumia chini, taratibu.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hata mumeo. Hata ukizeeka."

Ndiyo hivyo. Na baada ya siku chache mjomba akamleta mzee mmoja kwa siri, mwimbaji wa tiba kutoka huko milimani, ili aniangalie, kwa maana nilikuwa silali, nikifumba macho nahisi jiwe linang'oka. Mzee akaniangalia, akasema Mwamba umeniona na umeniweka. Akasema nisiende kamwe mahali ambapo Mwamba hauonekani, na atakayetoka tumboni mwangu naye asiende, kwa kuwa aliyezaliwa na aliyenaswa naye amenaswa. Akasema hivyo, akachukua fimbo yake, akaenda.

Wilbert anauliza mzee huyo alikuwa nani, wa ukoo gani. Mwanangu, mzee huyo alishahama zamani, na wewe unataka nimtaje jina hapa, mgonjwa kama nilivyo, na mlango uko wazi? Nani aliyekulea?

Na Ernestine naye. Haya, sema, naona mdomo unakuwasha. Anasema yeye anakaa Gallup miaka thelathini na moja, na Mwamba hauonekani kutoka Gallup hata ukipanda juu ya paa, na Wilbert alifanya kazi ya reli California miaka kumi na mbili akarudi ana kitambi, mbona hao Mwamba haukuwataka. Swali zuri. Wewe ulizaliwa mvua inanyesha, Ernestine, na mvua huficha Mwamba, haukukuona. Wilbert alizaliwa kwenye gari tukitoka Farmington, tulikuwa bado hatujafika. Delphine peke yake alizaliwa humu ndani, asubuhi peupe, mlango wazi, na Mwamba umesimama pale unatazama. Mnacheka. Chekeni. Mimi nilikuwepo.

Na hamwoni jinsi mambo yalivyokwenda? Delphine akiwa na miaka kumi na tisa alipata kazi ya kupiga chapa Denver, akafunga sanduku, na siku aliyofunga sanduku moyo wangu ukaanza kupiga vibaya, mnakumbuka, nilikuwa naushika hivi, na yeye akafungua sanduku. Akiwa na ishirini na nane akaja yule kijana wa Laguna anayetengeneza reli, kijana mzuri, meno yote yapo, alikuwa anacheka mpaka kondoo wanageuka. Nilisema kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, aje hapa, atajengewa nyumba pale karibu na kisima. Akasema kazi yake iko kwao. Nikasema basi. Wiki ile ile macho yangu yakaingia ukungu, mwezi mzima nilikuwa naongozwa mkono hata kwenda chooni, na Delphine ndiye aliyeniongoza. Kijana alingoja mpaka mahindi yakavunwa. Nasikia ameoa mwanamke mnene wa huko kwao, ana watoto watano, na mmoja amempa jina la Delphine, lakini hilo sikuthibitisha, niliambiwa na mama wa mikate. Na sasa hii ya tatu, ana miaka arobaini, barua imekuja Jumanne, Jumatano miguu yangu ikalala. Sikuzitafuta habari hizi mimi. Ni Mwamba. Unavuta kamba yake.

Delphine, usitazame dirishani, nitazame mimi. Nimesikia ulichomwambia dada yako jana mkichemsha kahawa, mlidhani nimesinzia. Ulisema, "Dada, nikikaa hapa mwaka mwingine nitajifunika blanketi na kugeuka jiwe kama lile." Ulisema taratibu, bila kulia, na ndiyo maana sikuweza kulisahau. Ningependa ungelia. Mtu akilia naweza kumfuta machozi, nikampa mkate na nyama ya kondoo, mambo yakaisha.

Nitawaambieni jambo moja ambalo sijamwambia hata mama wa mikate. Tangu siku ile, mimi siwezi kukaa ndani ya nyumba ambayo hamna mtu mwingine. Baba yenu alipohama, nilikaa hapa wiki moja peke yangu kabla Delphine hajamaliza shule, na kila asubuhi nilikaa mlangoni nikawa naona magari barabarani, madogo, yanang'aa, yanakwenda zake, na nikajikuta nimeshika sketi kwa mikono miwili. Sikuwa juu ya kitu chochote. Nilikuwa nimekaa chini, mchangani, kwenye ardhi yangu mwenyewe, na nilikuwa naogopa kuanguka. Basi Delphine akarudi na begi lake la shule, akasema, "Mama, umekula?" na mikono ikafunguka. Wewe hujui umeniteremsha mara ngapi, mwanangu. Kila siku unaniteremsha. Mjomba aliniteremsha mara moja tu.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu, na Wilbert uandike, kalamu iko kwenye kopo. Kibali cha malisho, na kondoo wote thelathini na wanne pamoja na wale wawili wa pembe nne, na kitanda cha kufumia, na kisima, na nyumba hii ya pande nane ambayo baba yenu aliichonga nguzo zake kwa mkono, mlango wake mashariki, vyote ni vya Delphine. Dada yake asidai, kaka yake asidai. Lakini ni vyake akiwa ndani yake. Asitoke mahali ambapo Mwamba unamwona. Akitoka, kibali kirudi kwa watu wa malisho, kondoo wagawiwe, na nyumba ibaki kwa upepo. Nimesema hivyo mbele yenu wote, na mmegusa kiganja changu.

Ernestine anasema huo si urithi, hilo ni zizi. Umekuwa na ulimi mrefu tangu ulipoota meno. Zizi huwekewa mnyama unayempenda, yule usiyempenda unamwacha mbweha amle. Delphine, mbona hukai chini? Kaa. Vua koti, kuna joto. Huoni jinsi ninavyohema?

Hemeni na ninyi taratibu, mnanimalizia hewa. Sasa ubaridi umepita magoti. Umefika hapa. Wilbert, usiandike hilo. Sauti yangu mnaisikia kwa mbali, sivyo? Na mimi nawasikia kwa mbali. Nawaona wadogo. Njooni niwaombee kabla haijakatika. Mwende kila mahali mkiwa mmesimama wima. Mvua iwakute mmeshaanika na kuanua. Kondoo wenu wazae mapacha, na mapacha wao wasitumwe kwa Bessie. Mkianguka, muangukie mahali penye watu. Asubuhi mkifungua mlango mkute kile mlichokiacha jioni, na mtu wa kumwambia habari za jana. Delphine, kwako wewe naomba... naomba usiwe na hasira na mama yako. Na uzikate kwato za yule kondoo mwekundu, zimerefuka. Basi. Nimechoka. Nyumba inazunguka. Naona giza upande huu wa kushoto, na upande wa kulia giza linakuja pia. Shikeni mkono wangu. Sio wewe Wilbert, una mkono wa baridi. Delphine. Ahaa. Hapo hapo. Sasa naweza... naweza...

Wilbert unafanya nini? Mbona unaviringisha kona ya ngozi?

Hapana, sijafika huko. Wilbert anasema mama anamalizia pumzi, na mtu akimalizia pumzi ndani ya nyumba hiyo si nyumba tena, lazima itobolewe ukuta wa kaskazini, atolewe huko, iachwe ianguke yenyewe, na hakuna atakayelala humu tena. Anasema nimempa Delphine nyumba, na kama nataka apate nyumba na si gofu, basi nibebwe nje sasa hivi, kwenye kibanda cha matawi, kama alivyobebwa bibi. Najua mila, Wilbert. Nilikufundisha mimi. Nasema tu kwamba bado kuna nafasi ya saa moja hivi. Naweza kungoja mpaka saa sita na nusu. Au saa saba.

Mmeninyanyua. Haya. Nyanyueni polepole basi, Ernestine shika miguu, ishike kama kitu kilichokufa ganzi, kwa sababu imekufa ganzi. Mzito? Ni mifupa tu, mwanangu, ni ngozi ya kondoo ndiyo nzito. Delphine, usiniachie mkono. Mlango mwembamba, mtanivunja kiwiko. Vuteni upande huo. Sasa mmekwama. Nirudisheni chini, nilisema nirudisheni, nitamalizia siku nyingine.

Ernestine, usimwite. Usimwite mumeo, kichwa chako kimeingiwa na nini? Leland ni mtu mwema, hilo nimesikia, na akija hapa hupiga honi mara mbili kule barabarani ili niingie ndani, na mimi nikienda Gallup hukaa kwenye banda la zana mpaka niondoke, miaka thelathini na moja hatujaonana usoni, kama inavyopasa. Mama mkwe na mkwe wakitazamana macho huharibika, na mimi macho yangu yalishaharibika mwezi mmoja, inatosha. Wilbert anasema nini? Anasema hakuna ubaya, mama haoni tena, yuko mbali, Leland aingie tu ashike upande wa mlango. Nani amesema sioni? Nilifumba. Nilifumba kwa ajili ya uchovu. Mwambieni arudi. Nasikia buti. Buti za nani hizo? Naziona, zina vumbi, kamba moja imefunguka, na suruali, na magoti...

Hapo. Nimejifunika. Leland, baba, usoni kwako sikufika, niliishia kwenye magoti, rudi nyuma taratibu, wewe hukukosa, umeitwa na mkeo. Nimeshageukia ukuta. Hakuna aliyemwona mwenzake. Salama.

Mbona kimya?

Wilbert, uko wapi? Ernestine? Nani amedondosha ngozi mlangoni, nimesikia ikianguka. Inueni, itachafuka.

Delphine ananiuliza. Anauliza kwa upole, na upole wake ndio unaonitoa jasho ndani ya blanketi hili. Anauliza, "Mama, umefikaje hapo ukutani?"

Nili... mlinirusha. Hapana. Ni upepo wa mlangoni. Ngojeni nifikirie.

"Na yule mzee mwimbaji, Mama? Naye alikuja kwa njia hiyo hiyo?"

Siwezi kugeuka, Leland bado yuko mlangoni, nasikia anavyopumua, naye maskini hajui atoke au abaki. Mbele yangu kuna nguzo ya mreteni na nyuma yangu kuna ninyi nyote. Kutoka kwenye mlango mpaka hapa ni hatua tisa, nimezipiga zote tisa, blanketi nimelichomoa kwenye msumari nikipita, na nadhani nimemruka Ernestine. Mzee hakuja. Mjomba alirudisha kamba kwa mwenyewe, akala, akalala. Ernestine anacheka au analia, sijui, na Delphine ameuachia mkono wangu muda mrefu uliopita, au mimi ndiye niliyeuachia, na wote mnatazama mahali pamoja, najua ni wapi. Basi tazameni. Ndiyo hii miguu yangu, yote miwili, imesimama.